Kisiwa cha Ndege Wasioogopa

1. Kisiwa chenyewe

Fungueni ramani ya Afrika. Upande wa mashariki mtaona bahari kubwa, ndiyo Bahari ya Hindi. Mtu akiondoka pwani ya Afrika, akasafiri baharini karibu kilometa 1,500 kuelekea mashariki, atafika kwenye visiwa vya Shelisheli. Visiwa hivi ni 115. Vingine ni vikubwa, vina milima, miji na barabara. Vingine ni mchanga na minazi tu. Vyote pamoja ni nchi moja, nayo ilipata uhuru mwaka 1976. Mji wake mkuu ni Victoria, katika kisiwa cha Mahé. Wenyeji husema Krioli, lugha iliyozaliwa na Kifaransa. Husema pia Kiingereza na Kifaransa.

Kati ya visiwa hivyo kimo kimoja kidogo sana, jina lake Cousin. Ukubwa wake ni hektari 27 hivi. Kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, kinakishinda zaidi ya mara 1,000. Cousin hakina mji wala soko. Watu wanaokaa huko ni walinzi wachache na wataalamu wanaochunguza wanyama. Lakini wenyeji wengine wa kisiwa hawahesabiki upesi: ndege makumi ya maelfu, mijusi juu ya kila jiwe, kobe wakubwa, kaa, na kasa wanaotoka baharini kutaga mayai mchangani.

Watu hutoka nchi za mbali kuja kuwatazama ndege hao. Hawaruhusiwi kutembea peke yao. Mlinzi mmoja wa kisiwa huwaongoza toka mwanzo mpaka mwisho. Somo hili linaonyesha mambo ambayo wageni huyaona huko, na sababu ya kila amri wanayopewa.

2. Mashua isiyogusa mchanga

Wageni hulala katika kisiwa kikubwa cha jirani, kiitwacho Praslin. Asubuhi, siku za kazi, hupanda mashua na kuvuka bahari. Safari si ndefu, kwa maana toka Praslin hata Cousin ni kilometa 2 hivi. Lakini tazama jambo la ajabu: mashua ya wageni haifiki pwani. Husimama majini na kungoja. Ndipo walinzi wa kisiwa huja na mashua yao wenyewe, nao huwahamisha wageni kidogo kidogo.

Cousin hakina gati. Kwa hiyo mwenye kuongoza mashua huielekeza moja kwa moja pwani, huiendesha mbio, na dakika ya mwisho huinua mashini. Mashua hupanda mchangani kwa nguvu yake yenyewe. Wageni hushikilia mbao kwa mikono miwili. Wengine hucheka, wengine hufumba macho. Bahari ikichafuka, hulowa wote.

Kwa nini taabu hii yote? Sababu yake ni mnyama mmoja ambaye kila mtoto anamfahamu: panya.

Panya hupenda kukaa ndani ya mashua na merikebu. Hujificha chini ya mizigo, ndani ya magunia, katikati ya kamba. Mashua ikigusa pwani usiku au mchana, panya hushuka bila kuonekana. Panya mmoja mwenye mimba anatosha. Baada ya miezi michache watakuwa wengi, na baada ya mwaka mmoja hawahesabiki. Panya hupanda miti vizuri. Hula mayai, hula makinda, na hata mama wa makinda akilala kiotani hawezi kupona.

Katika Shelisheli panya waliingia katika visiwa vingi pamoja na merikebu za watu. Ndege wengi walikwisha huko. Cousin hakina panya wala paka. Ndiyo maana walinzi hawaiamini mashua yo yote ila ile yao, ambayo haiendi kulala mahali pengine. Hukagua pia mizigo ya wageni. Chakula hakishuki. Mfuko wenye mchanga au mbegu hausafiri mpaka usafishwe.

3. Amri tatu

Wageni wakiisha kukauka kidogo, kiongozi huwakusanya kivulini. Huwaeleza amri tatu.

Amri ya kwanza: Msiache njia.
Amri ya pili: Msiguse ndege, wala yai, wala kinda, hata akiwa karibu na mkono wenu.
Amri ya tatu: Msichukue kitu cho chote, hata ganda la konokono, wala msiache kitu cho chote.

Mgeni asiyezoea anaweza kufikiri kwamba amri hizi ni ukali wa bure. Lakini akitembea saa moja ataona kwamba kila moja ina maana yake.

Kisha huingia porini. Huko ndani mbu ni wengi, na wageni hujipiga miguu na mikono. Ukelele wa ndege ni mwingi pia, hata mtu sharti aseme kwa nguvu ili jirani yake amsikie.

4. Yai juu ya tawi tupu

Kwanza kiongozi husimama chini ya mti na kuonyesha tawi lililolala. Juu ya tawi hakuna kiota. Hakuna majani, hakuna manyoya, hakuna hata jani moja kavu. Lakini juu yake liko yai moja, limewekwa katika kishimo kidogo cha gome.

Yai hili ni la ndege mweupe mwenye macho meusi. Wenyeji humwita golan blan. Ukubwa wake ni kama wa njiwa mdogo. Yeye hajengi kamwe. Huchagua mahali ambapo yai halibingiriki, hutaga yai moja tu, na baba na mama hulilalia kwa zamu. Kinda akitoka, huzaliwa na kucha zenye nguvu. Siku ile ile hulishika tawi, na upepo ukivuma hung'ang'ania. Wazazi humletea samaki wadogo, wamewapanga mdomoni.

Sasa fikirini: mgeni akitikisa tawi lile, au akimshtua ndege akaruka ghafula, yai litakwenda wapi? Litaanguka. Hiyo ndiyo sababu ya amri ya pili.

Mbele kidogo, katikati ya mizizi ya mti, yuko ndege mwingine mweupe, mwenye mkia mrefu mwembamba. Huyu ni payanke. Angani ni hodari sana, huruka juu ya bahari siku nyingi akitafuta samaki. Lakini miguu yake ni dhaifu, hawezi kutembea vema. Kwa hiyo hutaga chini, penye mizizi au kando ya jiwe. Wageni hupita karibu naye, hatua moja au mbili. Yeye hatoki. Huwatazama tu, kama kuku anayeatamia jikoni kwa bibi.

Je, ndege hawa ni wajinga? Hapana. Kwa muda wa maelfu ya miaka visiwa hivi havikuwa na chui, wala paka, wala panya, wala mtu. Watu wa kwanza waliojenga nyumba zao katika Shelisheli walifika mwaka 1770 tu. Ndege waliozaliwa katika nchi isiyo na adui hawakujifunza kukimbia. Hapo ndipo uzuri wao, na hapo ndipo hatari yao. Ndege asiyeogopa ni rahisi kumpenda, lakini pia ni rahisi kumwua.

5. Mti wenye ulimbo

Katika Cousin upo mti uitwao mapou. Mbao zake ni laini, majani yake ni mapana. Ndege wa bahari, wenye rangi ya kahawia na kipaji cheupe, hukaa juu yake kwa maelfu. Wenyeji humwita ndege huyu kelek. Yeye hujenga kiota, nacho hukijenga kwa majani makavu ya mapou. Hivyo mti humpa mahali pa kukaa na vitu vya kujengea.

Lakini mbegu za mapou zinanata kama ulimbo. Zinashikamana na manyoya ya ndege. Mbegu chache hazimdhuru. Huzichukua mpaka kisiwa kingine, na huko mti mpya huota. Zikiwa nyingi, ndege hawezi kukunjua mabawa. Huanguka chini na kufa. Mti ule ule unaomlaza unaweza kumwua. Walinzi hawaikati miti ya mapou kwa ajili hiyo, kwa maana bila mapou kelek wengi wasingekuwa na makao.

Chini ya miti hiyo mijusi hungoja. Kelek anapomlisha kinda wake, samaki wengine huanguka. Mijusi huja mbio, hugombana, na kula. Yai likianguka, hula vilevile. Mavi ya ndege nayo huirutubisha ardhi, miti hukua, wadudu huongezeka. Hivyo samaki wa baharini humlisha ndege, ndege hulisha mjusi na udongo, udongo hulisha mti, na mti humpa ndege kiota. Ukiondoa mmoja, wote huona hasara.

6. Nyumba chini ya miguu

Kiongozi huonyesha shimo kando ya njia. Mtoto angefikiri ni shimo la panya wa porini. Kumbe ni nyumba ya ndege! Ndege huyu huitwa fouke. Mchana husafiri baharini, na usiku hurudi. Huchimba kwa miguu yake, na mwisho wa shimo hutaga yai moja. Walinzi wanaolala kisiwani husikia sauti zao usiku, kama watoto wengi wanaolia.

Mahali pengine ardhi imejaa mashimo hayo, na juu yake pana udongo mwembamba tu. Mtu akikanyaga, udongo hubomoka na kumfunika ndege pamoja na yai lake. Yeye hata hatajua kwamba ameua. Hiyo ndiyo sababu ya amri ya kwanza. Njia imepita pasipo na mashimo.

7. Ndege 26

Halafu kiongozi huwaambia wageni wanyamaze, wasikilize. Katika kichaka huimba ndege mdogo, sauti yake nzuri kama filimbi. Akitokea, wageni wengine hushangaa kwa kuwa hana uzuri wa macho. Rangi yake ni ya udongo wenye ukijani kidogo. Uzito wake ni gramu 15 tu. Wenyeji humwita timerl dezil. Lakini ndege huyu ndiye aliyeokoa kisiwa kizima, maana kwa ajili yake watu walikinunua.

Habari zake ni hizi. Zamani ndege hawa waliishi katika visiwa kadha wa kadha vya Shelisheli. Chakula chao ni wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani ya vichaka na miti ya asili. Watu walipofika, walikata miti hiyo, wakapanda minazi. Walitaka kopra, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa, inayotoa mafuta kama vile ngazi zinavyotoa mawese. Kopra iliuzwa ng'ambo, ikaleta fedha. Watu walipaswa kula na kuvaa. Hawakufanya hivyo kwa kuchukia ndege. Lakini mnazi haumpi ndege huyu wadudu wa kutosha. Pamoja na minazi waliingia panya na paka. Ndege wakapotea kisiwa kwa kisiwa.

Cousin nacho kilipandwa minazi karibu mahali pote. Vichaka vilibaki kidogo tu. Mwaka 1968 ndege hawa walihesabiwa. Walikuwa 26. Katika visiwa vingine hakukuwa hata mmoja. Dunia nzima, ndege 26! Hesabuni watoto wa darasa lenu, labda mnawashinda. Kama ndege wale wote wangetiwa pamoja katika mizani, wasingefikia nusu kilo.

Mwaka huo huo kisiwa kilinunuliwa na chama cha watu wa mataifa mengi wanaolinda ndege. Je, walifanya nini ili ndege waongezeke? Hawakuwatia katika vizimba. Hawakuwaletea chakula. Walifanya kazi iliyoonekana kama si kazi: waliacha kulima minazi. Miche ya minazi iling'olewa, na pori la zamani likaachwa liote. Nazi zilizoanguka hazikuruhusiwa kuwa msitu mpya wa minazi. Vichaka vikarudi, majani yakarudi, wadudu wakarudi, na baada ya wadudu, ndege. Mwanzo wa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya 300 katika kisiwa hicho.

Fedha za kopra zilipotea, ni kweli. Lakini leo wageni hulipa kabla ya kushuka, na malipo yao hutunza kisiwa. Walinzi na viongozi ni watu wa Shelisheli, na chama cha nchi yao wenyewe, kiitwacho Nature Seychelles, ndicho kinachokiongoza kisiwa toka mwaka 1998.

8. Dada anayelea wadogo zake

Wataalamu wamevisha ndege hawa pete ndogo za rangi miguuni. Kila mmoja ana rangi zake, hivyo wanajua huyu ni nani, wazazi wake ni nani, anakaa wapi. Kwa njia hiyo waligundua mambo ya ajabu.

Timerl dezil huishi mume na mke, nao wana kichaka chao wenyewe, kama shamba lenye mipaka. Hutaga yai moja kwa kawaida. Kisiwa kilipojaa, vijana hawakupata tena vichaka vyao. Basi wengi hukaa na wazazi. Hawakai bure. Husaidia kujenga kiota, kulalia yai, na kuwalisha wadogo zao. Mara nyingi msaidizi huyo ni binti.

Mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Jan Komdeur, aliwachunguza muda wa miaka mingi. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitangaza jambo ambalo watu wengi hawakulitazamia. Katika vichaka vyenye wadudu wengi, karibu makinda wote ni majike. Katika kila 100, madume ni 13 tu. Katika vichaka vyenye wadudu wachache mambo hugeuka: katika kila 100, madume ni 77. Kwa nini? Penye chakula kingi, binti anayebaki nyumbani ni msaada. Penye njaa, anayebaki ni mdomo mmoja zaidi. Dume huondoka kwenda kutafuta mahali pengine. Ndege wa gramu 15, na jamaa yake ina hesabu kama hii!

9. Kuhamisha ndege

Ingawa ndege waliongezeka, walinzi hawakuweza kulala usingizi mzuri. Ndege wote wa aina hii walikaa katika kisiwa kimoja kidogo. Moto mmoja wa pori, au dhoruba moja, au panya mmoja mwenye mimba, na yote yangekwisha. Ndege hawa wana mabawa, lakini ni mara chache mno kuvuka bahari, hata penye kilometa chache tu.

Basi watu waliwavusha. Mwaka 1988 walikamata ndege 29, wakawapeleka katika kisiwa cha Aride. Mwaka 1990 wengine 29 walikwenda kisiwa cha Cousine, jirani wa Cousin. Mwaka 2004 ndege 58 walipelekwa Denis, na mwaka 2011 ndege 59 walipelekwa Frégate. Kila mahali walikuta vichaka, wakataga, wakaongezeka. Leo wanahesabika kwa maelfu. Wote ni wajukuu wa wale 26.

Ndege mwingine alikuja Cousin kwa njia hiyo hiyo. Ni mweusi mwenye kiraka cheupe bawani, jina lake pi santez, maana yake mwimbaji. Wakati mmoja walibaki chini ya 20, wote katika kisiwa cha Frégate. Katika miaka ya 1990 baadhi yao waliletwa Cousin. Sasa wageni humwona akitembea njiani, karibu na viatu vyao. Hutafuta wadudu katika majani yaliyofukuliwa na miguu ya watu.

10. Kobe na ng'amba

Njia inapokaribia tena pwani, mara nyingi pana jiwe kubwa la kijivu chini ya mti. Jiwe hutoa kichwa na kutembea. Ni kobe wa Shelisheli, kati ya kobe wakubwa kupita wote duniani. Dume mzee anaweza kufikia kilo 250, uzito wa watu wazima wanne. Huishi zaidi ya miaka 100. Zamani mabaharia waliwapakia merikebuni wakiwa hai ili wapate nyama njiani, maana kobe anaweza kukaa muda mrefu bila kula. Visiwa vingi vilibaki bila kobe hata mmoja.

Kiongozi humkuna kobe shingoni. Kobe hunyosha miguu, hujiinua juu, hunyosha shingo na kufumba macho. Watoto wa wageni hupenda sana jambo hili.

Mchangani huonekana alama pana, kama gari limepita. Hizo ni nyayo za ng'amba, kasa mwenye gamba zuri la manjano na kahawia. Katika Shelisheli hutoka majini mchana kutaga, si usiku kama mahali pengine pengi. Huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga mayai zaidi ya 100, hufukia, hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka na kukimbilia maji. Kaa na ndege huwangojea njiani.

Gamba la ng'amba lilitengenezwa vitana, masanduku madogo na mapambo. Kwa ajili ya vitana hivyo ng'amba waliuawa wengi mno. Mwaka 1994 serikali ya Shelisheli ilikataza kabisa kuwaua na kuuza magamba yao. Katika Cousin ulinzi ulikuwa umeanza mapema. Walinzi walitembea pwani kila siku za kutaga, wakahesabu. Toka mwanzo wa miaka ya 1970 mpaka mwaka 2009 ng'amba wanaotaga kisiwani waliongezeka mara 8.

Ng'amba hakui upesi. Huhitaji miaka mingi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza aliyefunga pwani hakuona faida ya kazi yake mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

11. Mambo ya kushika

Kabla ya saa ya chakula wageni huondoka. Hakuna mgeni anayelala Cousin. Mashua ya walinzi huwarudisha kwenye mashua yao, na mikono yao ni mitupu. Hiyo ndiyo amri ya tatu: ganda la konokono linalopendeza mezani ni nyumba ya kaa mdogo kesho.

Watu wengi hudhani kwamba kisiwa chenye ndege wengi ni bahati. Cousin kinaonyesha mambo mengine. Panya hakuingia kwa sababu kila siku mtu hukagua mashua. Pori lilirudi kwa sababu watu waliacha kupanda minazi. Ng'amba walirudi kwa sababu walinzi walitembea pwani jua kali na mvua. Ndege 26 hawakuokolewa siku moja na mtu mmoja hodari. Waliokolewa na kazi ndogo, iliyorudiwa.

Maneno ya kujifunza

Gati: mahali palipojengwa ili mashua na merikebu zikae na watu washuke.
Kuatamia: kulalia mayai ili yapate joto.
Ulimbo: utomvu unaonata, unaotumiwa kunasa ndege.
Kopra: nyama ya nazi iliyokaushwa.
Ng'amba: aina ya kasa wa baharini, pia gamba lake.

Maswali

1. Kisiwa cha Cousin kiko katika bahari gani? Kiko karibu na kisiwa gani kikubwa?
2. Kwa nini mashua ya wageni haifiki pwani?
3. Eleza sababu ya kila amri kati ya zile tatu.
4. Golan blan na fouke hutaga wapi? Nani kati yao anadhuriwa na mtu aliyeacha njia?
5. Kwa nini timerl dezil hakuweza kuishi katika minazi?
6. Jumlisha ndege waliopelekwa katika visiwa vinne toka mwaka 1988 mpaka 2011. Jumla hiyo inawashinda wale 26 kwa ndege wangapi?
7. Katika kijiji chenu, ni ndege gani ambaye wazee walimwona zamani, na sasa haonekani? Ulizeni nyumbani: alikuwa akila nini, akijenga wapi, na mahali pale pamekuwa nini sasa? Andikeni majibu katika daftari.